Maua Yasiyongoja Mvua

Ukifika Lilongwe alfajiri ya mwezi wa Julai utadhani umeshuka Songea au Iringa. Baridi yake ni ya kutia mikono mifukoni. Katika soko la Tsoka, lile soko la mitumba la mji mkongwe ambalo jina lake kwa Kichewa lina maana ya mkosi, sweta na makoti ndiyo biashara ya majira hayo. Nyasi za kandokando ya barabara zimekuwa na rangi ya mkeka mkuukuu, vumbi jekundu limekaa juu ya kila jani, na mvua ya mwisho ilinyesha Aprili. Nyingine haitazamiwi mpaka Novemba.

Ama ajabu ni kwamba katika mwezi huo huo, pasipo tone la mvua, kuna mimea iliyochagua kuchanua. Kwenye nyua za nyumba poinsetia imewaka nyekundu. Mashambani mbaazi zimevaa maua ya manjano. Miembe imetoa mikungu ya maua madogo yenye harufu ambayo nyuki huifuata asubuhi jua likianza kupasha. Mgeni aliyezoea kalenda ya Pwani yetu, ambako masika na vuli hupokezana, hushangaa kuona bustani ikiamka wakati ambapo kwa hesabu yake ingepaswa kulala.

Katika ukurasa huu tutatazama mimea hiyo: ile ifaayo kupandwa ili ua au kiwanja cha nyumba kisiwe kikavu tangu Juni hadi mvua za Novemba. Tutaitazama kwa wakazi wa Lilongwe wenye nafasi na bomba, na kwa moyo mkubwa zaidi tutaitazama kwa wale wa Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 40 na kitu kutoka mjini, ambao hawana nafasi wala bomba. Huko Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu sokoni na kisimani, maana wengi wao wametoka Kongo ya mashariki, Burundi na Rwanda. Na wasomaji wetu wa Mbeya, Njombe na Songea, ambao majira yao yanafanana na hayo kama ndugu wa tumbo moja, nao watapata cha kuwafaa.

Kwanza tuondoe kosa moja. Vitabu vingi vya bustani vinavyouzwa katika maduka yetu viliandikwa Ulaya, na humo mwisho wa baridi ni Februari, na maua ya mapema ni yale ya vitunguu yanayotoboa theluji. Tulipu ni ua zuri, lakini kitunguu chake hudai baridi ya wiki 12 au zaidi, ya nyuzi zisizofika 10 usiku na mchana, ndipo kikubali kuchanua vema. Lilongwe iko mita 1,050 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10, ni kweli, lakini ikifika saa sita mchana jua limekwisha kuirudisha hali kwenye nyuzi 20 na zaidi. Anayenunua vitunguu hivyo amenunua picha iliyo juu ya pakiti. Kipupwe chetu kina desturi zake, na mimea yake ni mingine.

Kwa nini mimea hii huchanua wakati wa ukame? Baadhi huhesabu giza. Lilongwe iko karibu nyuzi 14 kusini ya Ikweta. Desemba mchana wake hukaribia saa 13, na Juni hupungua hadi saa 11 na dakika 20 hivi. Tofauti hiyo, ambayo binadamu haitambui ila kwa kuona jioni inawahi, mmea huitambua barabara. Poinsetia na mbaazi ni mimea ya namna hiyo: usiku ukirefuka, hutoa matumba. Mwembe husukumwa zaidi na baridi na ukavu. Bogenvilia nayo hupenda kiu. Ukiimwagilia kwa huruma nyingi hukupa majani matupu, na ukiisahau kidogo hukupa rangi.

Poinsetia, basi, ni ya kuanzia kwa mwenye ua mjini. Asili yake ni Mexico, na jina lake limetokana na Joel Poinsett, mjumbe wa Marekani katika nchi hiyo tangu mwaka 1825. Ulaya na Marekani huuzwa katika vyungu wakati wa Krismasi, kwa kuwa Desemba ndiyo giza lao. Kwetu kusini huwaka Juni na Julai. Kile kinachoonekana kama ua jekundu ni majani tu yaliyobadili rangi, na maua yenyewe ni vile vifundo vidogo vya manjano katikati. Ukate matawi mwezi wa Agosti rangi ikianza kufifia, na vipande unavyokata, vyenye urefu wa shibiri moja na nusu, vichomeke kivulini. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi na macho, kwa hiyo watoto wasichezee. Tena usiupande chini ya taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha. Nimewahi kuona safu nzima ya poinsetia, yote nyekundu isipokuwa ule mmoja ulio karibu na taa ya lango. Ulibaki kijani mpaka Agosti, na mwenye nyumba akaulaumu udongo.

Sasa twende Dzaleka, maana huko ndiko kuchagua kunakokuwa kazi ya kufikiri.

Mahali pale palikuwa gereza, nalo lilijulikana kwa vitisho katika utawala wa Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamezidi 50,000. Malawi iliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini kwa masharti yanayobana haki ya kutembea na kufanya kazi, hivyo watu hutakiwa wakae kambini. Waliokuwa wamejitafutia riziki nje, wenye maduka na vibanda vya Lilongwe na miji mingine, waliamriwa mwaka 2023 warudi Dzaleka, na wengi walifika na kile walichoweza kubeba. Mgao wa chakula nao umepunguzwa mara kadhaa kwa kukosekana fedha. Nyumba ni za matofali ya udongo, zimesongamana, na nafasi iliyo kati ya mlango na mlango wa jirani mara nyingi haizidi mita chache.

Katika hali kama hiyo, je, ni busara kuzungumza habari za maua? Swali hili nimeulizwa, tena na mtu wa heshima, na sikulipuuza. Nitakubali upesi kwamba mtu mwenye ndoo moja ya maji haimwagii waridi. Lakini nimeona pia kwamba hao wenye ndoo moja ndio waliopanda maua kwenye makopo ya maziwa na kuyapanga juu ya dirisha, bila kushauriwa na mwandishi yeyote wa gazeti. Hao wanapanda tayari. Linalobaki ni kujua mmea upi utamlipa mwenyewe kabla hajahama, na kwa maji kiasi gani.

Tuanze na maji, kwani hesabu yake ni nyepesi. Kitanda cha maua au mboga chenye mita 1 kwa 3 hutaka, katika jua la Septemba na Oktoba, lita 4 au 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Yaani lita 12 hadi 15. Kipimo ambacho Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hulenga ni lita 20 kwa mtu kwa siku, kwa mambo yake yote. Kwa nyumba ya watu 5 ni lita 100, zikipatikana, na foleni ya bomba haihakikishi. Kitanda kimoja kinyonge, basi, kimekwisha kula sehemu ya mtu karibu mzima. Hapana budi kitanda kile kinywe maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine.

Maji ya kuoshea mboga na mchele yamwagwe moja kwa moja kwenye mizizi. Maji ya suuza ya mwisho, ya vyombo au ya nguo zilizofuliwa kwa sabuni ya mche, yanafaa kwa maua, miti na mbaazi, lakini yasimwagwe kwenye mchicha na majani mengine yanayoliwa. Maji ya kwanza ya kufulia kwa sabuni ya unga huchosha udongo. Hayo yaende kwenye mgomba au yamwagwe njiani kuzuia vumbi. Yafaa pia kubadilisha mahali, leo hapa na kesho pale, ili chumvi ya sabuni isijikusanye. Halafu ardhi ifunikwe. Matandazo ya nyasi au mabua ya mahindi huweza kupunguza kiu ya kitanda kwa kiasi kikubwa, ila Malawi, kama kwetu, mchwa ni wengi wakati wa kiangazi, nao huyapenda matandazo hayo kuliko sisi tunavyoyapenda. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya shina na matandazo, nyunyiza majivu ya jikoni katika nafasi hiyo, na uyarudie kila upepo unapoyapeperusha.

Kwa Dzaleka mimi ningetanguliza mbaazi mbele ya maua yote. Najua msomaji wa mjini atasema hilo ni zao la shamba, si pambo. Aende akautazame ua wa mbaazi mwezi wa Juni kabla hajahukumu: kimo cha mtu na zaidi, kijani kilichokoza wakati kila kitu kimekauka, na maua ya manjano, mengine yenye michirizi myekundu mgongoni, yakining'inia mamia kwa mamia. Wamalawi huiita nandolo, na nchi yao ni miongoni mwa zile zinazolima mbaazi kwa wingi kabisa barani Afrika. Asili yake ni India, kama tunavyojua sisi tuliozoea kuila kwa mahamri.

Mbegu za aina ya muda mrefu huzikwa mara mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, pamoja na mahindi. Katika miezi ya mvua huonekana dhaifu, imefunikwa na mahindi, na mkulima asiyeijua huweza kuing'oa kwa kudhani ni gugu. Mahindi yakivunwa Aprili ndipo inaponyanyuka. Mizizi yake huenda chini sana na kuyafuata maji ambayo mimea mingine haiwezi kuyafikia. Ndiyo sababu huchanua bila kumwagiliwa. Kuanzia Julai utachuma mbichi, na kufika Septemba utapura kavu. Mabua yake ni kuni, na katika kambi ambayo miti ya jirani imekwisha kwa kukatwa, kuni za mbaazi zilizokauka si jambo dogo. Majani yanayodondoka na mizizi yake huurutubisha udongo. Ukiikata baada ya mavuno kwa kuacha shina la kimo cha goti, yaweza kuchipua tena na kukupa mwaka wa pili.

Adui wake ni mbuzi. Kwa desturi ya vijijini mavuno ya mahindi yakiisha mifugo huachiliwa, na mbaazi ndiyo kitu cha kijani pekee kilichobaki. Mbaazi ya kambini, iliyo karibu na mlango wa nyumba, yenye mtoto wa kuilinda, ina bahati kuliko ya shamba la mbali.

Kando ya mbaazi ziwepo fiwi, zile kunde za kutambaa ambazo Kenya huitwa njahi. Hizi nazo huchanua baridi inapoingia, aina nyingine kwa maua meupe na nyingine kwa zambarau ambayo ua wa duka haliishindi. Fiwi haitaki kiwanja. Mwachie kamba mbili kutoka ardhini hadi paani naye atapanda, atatia kivuli ukuta unaopigwa na jua la magharibi, na maganda machanga utayapika. Maharage yake makavu yachemshwe sana na maji ya kwanza yamwagwe, hasa yale ya rangi nyeusi.

Baada ya hizo mbili, ndipo tuje kwenye maua halisi ya mbegu, yale ya msimu mmoja. Haya yamegawanyika makundi mawili, na wengi hukosea kwa kuyachanganya. Kundi la kwanza hupenda baridi: kalendula, nastashiamu na antirinamu. Mbegu zake hupandwa mwishoni mwa mvua, Machi na Aprili, ardhi ikiwa bado ina unyevu, ili maua yaje Juni hadi Agosti. Anayezipanda Agosti huona miche ikikimbilia joto la Oktoba na kufa ikiwa na maua mawili. Katika kundi hili mimi nachagua nastashiamu, iliyotoka Peru na nchi jirani zake. Majani yake mviringo na maua yake ya rangi ya chungwa huliwa mabichi, ladha yake ni kali kidogo kama ya figili, na hukubali udongo maskini. Ukiitia samadi nyingi utapata majani matupu.

Kundi la pili hupenda joto: zinia, marigoldi na kosmosi, zote za asili ya Mexico na nchi za karibu nayo. Hizo ndizo zitakazokuwa zimechanua Oktoba, wakati jua ni kali na roho za watu zimechoka kusubiri mvua. Zinia huchukua wiki 8 hivi kutoka mbegu hadi ua. Basi mtu akitaka maua mwanzoni mwa Oktoba na apande mwanzoni mwa Agosti. Tatizo ni kwamba usiku wa Agosti ungali na baridi, na mbegu hukaa ardhini bila kuota mpaka inaoza. Dawa yake ni kuziotesha ndani ya kopo lililotobolewa chini, lililojazwa sehemu mbili za udongo, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyooza, na usiku kopo likae jikoni kando ya mafiga. Zikishakuwa na majani manne ya kweli, hamisha jioni, wala si asubuhi, ili zipate usiku mzima wa kujituliza. Marigoldi haina adabu hizo zote. Huota popote, na harufu yake wakulima wengi huipenda kando ya nyanya kwa kuwa mizizi yake huwapunguza minyoo fundo wa udongoni. Lakini ili kazi hiyo ifanyike ni lazima ipandwe kwa wingi kabla ya nyanya. Kichaka kimoja hakitoshi.

Mbegu za zinia na kosmosi haziuzwi ghali, na ukinunua mara moja huna haja ya kununua tena. Acha vichwa vichache vikauke kwenye bua, vivunje, vikaushe kivulini siku kadhaa, vifunge kwenye kitambaa au bahasha na uviweke mbali na moshi na panya.

Nimefika kwenye miti, na hapa yanipasa kukiri udhaifu wangu. Mimi ni mpenzi wa jakaranda. Mwezi wa Septemba na Oktoba barabara za Lilongwe hugeuka zambarau, kama zile za Harare na Pretoria, na chini ya kila mti kuna zulia la maua ambalo wapita njia hulikanyaga kwa aibu. Jakaranda hudondosha majani kwanza, kisha huchanua juu ya matawi matupu, na mvua ikija maua yamekwisha. Zamani za utumishi wangu nilipanda mmoja kwenye nyumba niliyopewa na ofisi. Nikaumwagilia miaka minne, nikaujengea uzio, nikahamishwa kikazi kabla haujatoa hata tumba moja. Niliporudi kupita njia ile miaka mingi baadaye, palikuwa na banda la gari.

Siku moja kambini nilikuwa nikizisifu jakaranda za mjini mbele ya mama mmoja aliyezaliwa pande za Uvira. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Mzee wangu, huo mti wako, ukiupanda kwa mbegu, unachanua baada ya miaka mingapi?"

Nikamwambia waweza kungoja miaka 7, na mingine hupita 10.

"Nilipofika hapa," akasema, "niliambiwa nitakaa miezi mitatu. Huyu mwanangu mkubwa amezaliwa hapa, na sasa ananipita kimo. Kama ningepanda mti wako siku ile, ningekuwa na maua tangu zamani. Lakini nani angeniambia niupande?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo ninaligeuza neno lile kichwani. Mtu asiyejua kama atakuwepo mwakani hupanda mchicha. Akiendelea kutojua kwa miaka 15, amekula mchicha miaka 15 chini ya jua kali, pasipo kivuli. Na bado hakukosea, maana hakuna mwaka hata mmoja kati ya hiyo aliokuwa na hakika nao.

Kwa hiyo yafaa tutafute miti isiyomlazimisha mtu kuchagua upande mmoja: inayochanua mapema, isiyo na gharama, na ambayo mtu akiondoka anaweza kuondoka nayo. Ipo. Ni ile inayopandwa kwa kipande cha tawi.

Wa kwanza ni mwamba-ngoma, mti wa Kiafrika halisi, wenye gome nene lililopasukapasuka na miiba mifupi. Unapatikana tangu Ethiopia hadi Malawi na kusini zaidi. Mwishoni mwa baridi, ukiwa hauna jani hata moja, hutoa vichwa vya maua mekundu kama makaa, na chozi, wale ndege wadogo wanyonyao asali ya maua, huujaza tangu asubuhi. Wazee wa Burundi na Rwanda walioko Dzaleka hawahitaji kuonyeshwa mti huu. Kirundi huuita umurinzi, yaani mlinzi, na Wanyarwanda huuita pia umuko na kuutaja katika masimulizi ya kale ya Ryangombe, yule mwindaji aliyeuawa na nyati. Palipo na mzee na mti huo pana hadithi, na mwandishi ana kazi ya kukaa kimya tu.

Kuupanda, kata tawi lenye unene wa mkono na urefu wa mita moja na nusu mwezi wa Septemba au Oktoba. Lilaze kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, kisha lichimbie kina cha dhiraa moja mvua zinapokaribia. Ukipanda safu utapata ua ulio hai ambao mchwa hawautafuni kama nguzo zilizokufa, na mizizi yake huongeza rutuba. Kwa tawi nene waweza kuona maua baada ya miaka michache tu. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi ni nzuri mno, na watoto huzitunga shanga. Zina sumu, kwa hiyo zisitafunwe wala kutobolewa kwa meno.

Wa pili ni plumeria, ule mti wa matawi manene yenye utomvu mweupe ambao watu wa Pwani huuona sana makaburini. Kwa sababu hiyo jamaa zetu wengine hawaupendi uwanjani, nami siwashurutishi. Asili yake ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Hudondosha majani yote wakati wa baridi, ukaonekana kama umekufa, na joto la Septemba likifika hutoa maua meupe au ya waridi yenye harufu inayozidi usiku. Tawi la urefu wa dhiraa moja, likikatwa na kuachwa likauke wiki moja au mbili, hushika hata kwenye kopo la lita 5 lenye mchanga mwingi, na mara nyingi huchanua katika joto la kwanza au la pili. Kinachouua ni maji mengi, wala si kiu. Tawi lililokatwa huweza kukaa wiki kadhaa nje ya udongo bila kufa. Sijui mmea mwingine wa maua ufaao zaidi kwa mtu ambaye huenda akaambiwa ahame kwa notisi ya siku chache.

Miembe nisiisahau, ingawa habari zake zahitaji ukurasa mwingine. Mwembe wa kupandikizwa huchanua mwaka wa tatu au wa nne, ilhali wa kokwa huchukua miaka 6 na kuzidi. Huchanua katika baridi na kuzaa mvua zikianza, wakati ghala za mahindi ziko tupu. Kambini mwembe mmoja hulishwa maji ya nyumba tatu na kivuli chake hukaliwa na nyumba kumi. Ugomvi wa matunda utakuwepo, lakini huo ni ugomvi wa shibe.

Mwenye kuanza sasa asianze na vyote. Kama ni Juni, atazame ni kipi kinachochanua kwa jirani yake na aombe tawi au mbegu, kwani mmea uliokwisha kukubali udongo wa mtaa ule una thamani kuliko pakiti ya dukani. Kama ni Agosti, makopo ya zinia yaingie jikoni. Kama ni Oktoba, matawi yakatwe. Mbaazi zingoje mvua.

Siku ya kuagana, mama yule wa Uvira alinikatia tawi la plumeria yake iliyokuwa kwenye ndoo mbovu kando ya mlango, akalizungushia gazeti, akanionya nisilitie maji hata tone kwa muda wa wiki mbili. Halikuvuka mpaka, maana mimea haivushwi bila cheti. Nililiacha Lilongwe kwa mwenyeji wangu, nikampa onyo lile lile. Ameniandikia juzi kwamba alilipanda katika debe lililotoboka, mbuzi wa jirani akalila ncha, na chini ya pale palipoliwa yametokea majani mawili.